Shajara ya mradi: dobi wa Maweni aonekane kwenye ramani, Malindi 2025

Ami yangu ni dobi mtaa wa Maweni, Malindi. Ana mashine mbili za kufulia, pasi mbili, kamba za kuanikia uani na msaidizi mmoja. Kanzu za Ijumaa, mashuka ya nyumba za kupangisha, mapazia na sare za shule ndizo kazi zake. Wateja wa mtaani hawajampungua hata kidogo. Waliopungua ni wageni, wale wanaokaa wiki mbili tatu upande wa Casuarina au Barabara ya Lamu. Zamani mgeni alimuuliza mlinzi wa geti nguo zifuliwe wapi, naye mlinzi akamleta kwa Ami. Siku hizi mgeni anaiuliza simu, na simu haikuwa ikimtaja Ami.

Naandika kila hatua inapoisha, pamoja na bei yake, ili mwenye kinyozi, cherehani au duka la vipuri aweze kufuata. Kufungua na kusimamia Wasifu wa Biashara kwenye Google, yaani ukurasa wa duka unaotokea mtu akitafuta au akifungua ramani, ni bure, na Google imeeleza wazi kwamba nafasi ya juu katika matokeo ya mtaani hainunuliwi. Akija mtu kukuuzia nafasi hiyo, anakuuzia kitu asichokuwa nacho. Pesa zetu zimekwenda kwenye bati, rangi, bando na nauli ya tuktuk.

2 Julai 2025: Tulichokikuta

Nilimtafuta Ami kama mgeni angemtafuta: "dobi Malindi", "laundry Malindi", kisha jina la duka lenyewe. Kwa jina la duka alitokea. Kwa hayo mengine hakuonekana kabla ya kuteremka chini sana.

Kumbe alikuwa na wasifu mara mbili. Mmoja ulifunguliwa mwaka 2022 na kijana aliyelipwa shilingi 6,000 kwa kazi hiyo. Wa pili uliongezwa na mpita njia fulani, umeandikwa "Dobi" tu, pini yake, yaani alama ya mahali kwenye ramani, iko barabara ya pili kutoka dukani, na una maoni mawili mazuri ambayo Ami hakujua kama yapo.

Ule wa 2022 ulikuwa na makosa juu ya makosa. Jina la duka lilikuwa limeshindiliwa maneno ya kutafutia: nafuu, bora, haraka, Malindi, Watamu. Namba ya simu ilikuwa ya laini ambayo haitumiki tena. Tovuti iliyotajwa ilikuwa ni ile ya bure iliyomalizikia na business.site, na tovuti hizo zote Google ilizizima Machi 2024. Anwani hiyo hiyo mfu bado imebandikwa nyuma ya tuktuk mbili za jamaa zetu.

Lakini lililonikalia zaidi ni saa za kazi. Ami hufungua saa 1 asubuhi na kufunga saa 12 jioni. Kwenye wasifu ziliingizwa kama zilivyotamkwa, 1:00 mpaka 12:00. Google haianzi kuhesabu saa jua likichomoza. Ilisoma kwamba duka linafunguliwa saa 7 usiku na kufungwa saa 6 mchana. Kwa miaka mitatu mgeni aliyerudi kutoka baharini alasiri, nguo zimejaa chumvi na mchanga, alimwona Ami ana alama nyekundu ya "Imefungwa", na Ami yuko palepale anapiga pasi. Aliyeamka alfajiri akaambiwa pako wazi. Maoni ya pekee ya nyota moja yalitoka kwa mtu aliyekuja saa 12 asubuhi na mfuko wake akakuta kufuli.

Hasara yake si hiyo tu. Mwishoni mwa 2023 Google ilithibitisha kwamba biashara iliyo wazi wakati mtu anapotafuta hupewa uzito zaidi, hasa pale anapotafuta huduma bila kutaja jina la duka. Kwa hiyo kila alasiri Ami alikuwa akisukumwa chini. Kama unasoma hapa na una duka, acha kwanza, kaangalie saa zako. Saa 1 asubuhi yetu ni 7:00, saa 12 jioni ni 18:00.

9 Julai: Wasifu ulikuwa mikononi mwa mtu mwingine

Sikuweza kurekebisha chochote, kwa sababu yule kijana aliusajili kwa barua pepe yake mwenyewe. Ami hakupewa nenosiri wala hakuongezwa kama mmiliki. Tulimpigia simu kwa heshima. Alitaka 4,000 ndipo auachie.

Hatukulipa. Kwenye Ramani za Google, wasifu unaoshikiliwa na mtu mwingine unaweza kuuombea umiliki: unafungua ukurasa wa biashara, unabonyeza pa kudai biashara hii, unaeleza wewe ni nani kwake. Anayeushikilia anatumiwa barua pepe na ana siku 3 za kujibu. Akikataa, unaweza kukata rufaa. Akinyamaza, unaweza kuruhusiwa kuudai na kuuthibitisha upya wewe mwenyewe. Wetu alinyamaza.

Ombi tulilituma kutoka akaunti mpya ya Google iliyofunguliwa kwa jina la duka, kwenye simu ya Ami, na nenosiri limeandikwa kwenye daftari la duka. Mimi nimeongezwa kama msimamizi tu. Nikihama Malindi kesho, wasifu unabaki kwa mwenyewe. Nasisitiza hili kwa sababu maduka mengi ninayoyajua hapa mjini yamefunguliwa wasifu na mpwa, mpangaji au mtu wa saibakafe, na siku yakihitajika mabadiliko hakuna anayekumbuka barua pepe ilikuwa ipi.

Gharama: laini mpya ya simu ya duka, 100.

16 Julai: Jina, aina ya biashara, saa

Hii ilikuwa kazi ya jioni moja. Jina limerudishwa kuwa lile analoitwa duka mtaani, bila neno la ziada. Kanuni ya Google ni kwamba jina liwe kama lilivyo kwenye kibao na kama wateja wanavyolijua. Ukilishindilia maneno unaweza kufungiwa wasifu mzima, na kila siku uliofungiwa ni siku ambayo haupo kabisa.

Aina ya biashara ilihitaji kufikiri. Kijana alichagua dobi wa kusafisha kwa dawa bila maji, kazi ambayo Ami haifanyi. Ipo pia aina ya mahali pa kujifulia mwenyewe kwa sarafu, nayo si yetu. Tuliweka huduma ya kufua nguo kuwa aina kuu, basi. Aina kuu ndiyo inayobeba uzito mkubwa katika kuamua utafutaji gani unakuhusu, kwa hiyo chagua iliyo sahihi hata kama iliyo karibu nayo inasikika ya kifahari zaidi.

Saa: kila siku 7:00 hadi 18:00, isipokuwa Ijumaa tumegawanya mara mbili, 7:00 hadi 12:00 na 14:00 hadi 18:00, kwa sababu ya sala. Wasifu unakubali vipindi viwili kwa siku moja. Kuna jirani aliyeshauri tuandike saa 24 ili tuwe "wazi" muda wote. Ami alikataa kabla sijafungua mdomo. "Mtu aje saa nane za usiku na mzigo wake, amkute nani?"

31 Julai: Video ilikataliwa, tukaandika kibao

Siku hizi biashara kama hii huthibitishwa zaidi kwa video. Lazima irekodiwe mfululizo bila kukatwa, isipungue sekunde 30, na ionyeshe mambo matatu: mahali ulipo, kwamba biashara ipo kweli, na kwamba wewe ndiye mwenye mamlaka nayo. Majibu huja ndani ya siku 5 za kazi.

Video ya kwanza ilirekodiwa vizuri na ikakataliwa. Mashine zilionekana, kamba zilionekana, Ami alionekana. Kilichokosekana ni jina. Duka halikuwa na kibao tangu lilipofunguliwa, na mtu aliye mbali anayekagua video hana namna ya kujua kwamba mlango huu wa bluu ndio duka lililoandikwa kwenye wasifu.

Nilipomwambia Ami tunahitaji kibao alinitazama tu. "Mwanangu, Maweni hii nani asonijua?" Nikamjibu kwamba wa Maweni wote wanamjua; tunamtaka yule asiyemjua. Akakaa kimya, kisha akaniuliza mwandishi wa vibao yuko wapi.

Kibao ni bati la futi 3 kwa 2, rangi nyeupe, maandishi ya bluu: jina la duka, chini yake "Dobi" na "Lavanderia", yaani dobi kwa Kiitaliano, kisha namba mpya ya simu. Bati 850, rangi na brashi 650, mwandishi 1,500. Jumla 3,000. Ndicho kitu ghali kuliko vyote katika mradi huu na ndicho ningekinunua kwanza kama ningeanza upya kwa biashara nyingine.

Video ya pili tuliipanga. Nilianzia kona ya barabara, nikaonyesha duka la jumla la jirani na jina lake, nikatembea polepole hadi chini ya kibao na kusimama hapo mpaka maandishi yakasomeka. Ami akatoa funguo mfukoni, akafungua kufuli la mlango wa mbele, akaingia, akafungua na chumba cha nyuma ambacho wateja hawaingii, kwenye mashine na magunia ya nguo yenye namba za chaki. Kufungua kufuli ndio ushahidi wa mamlaka. Mteja hawezi kufanya hivyo. Mwisho nikaonyesha kibandiko cha namba ya till, ile ya kulipia kwa simu, yenye jina la duka. Video ilipita.

Jambo la kupanga kabla: kupakia video kunakula bando, na mtandao ukikatika katikati unaanza upya. Tulipakia asubuhi mapema, mtandao ukiwa mwepesi.

4 Agosti: Wasifu wa pili umeunganishwa

Ule wa "Dobi" tuliuripoti kama nakala, kisha tukaandika kwa huduma ya usaidizi kuomba maoni yake yahamishwe. Yamehamia. Funzo la hapa ni kwamba usiifute nakala haraka ukiona ina maoni ya watu. Unganisha.

11 Agosti: Pini na tuktuk zinazopotea

Wasifu ulipothibitishwa, simu zilianza kuingia kutoka kwa wageni, na kero mpya ikajitokeza. Tuktuk zilikuwa zinafuata ramani mpaka upande wa pili wa ukuta. Dereva anapiga honi, mgeni anaona kamba za nguo juu ya ukuta, hakuna mlango. Kutoka hapo mpaka dukani ni kuzunguka mtaa mzima.

Nilidhani ni pini. Pini kweli ilikuwa imeangukia paa la jirani, nikaisogeza kwa kutumia picha ya setilaiti, nikiikuza mpaka nikaona paa la Ami la mabati na uwa wake. Hilo lifanye ukiwa umetulia mbele ya picha. Usitegemee nukta ya bluu inayoonyesha ulipo ukiwa umesimama uchochoroni, maana kuta zinayarusharusha mawimbi ya setilaiti na nukta inahamahama. Lakini hata pini ilipokaa sawa mlangoni, tuktuk ziliendelea kwenda nyuma.

Chanzo chenyewe ni kwamba kichochoro chetu hakikuwepo kwenye ramani. Ramani inampeleka gari hadi barabara inayoijua iliyo karibu zaidi na pini, na barabara hiyo ilikuwa nyuma ya ukuta. Nikaripoti barabara inayokosekana kwenye Ramani za Google, nikiichora kwa kidole kutoka kona hadi mlangoni. Haikukubaliwa papo hapo. Katikati ya kungoja tulitumia njia mbili. Moja, picha ya kona ya barabara yenye mshale, ambayo Ami anamtumia mteja kwa WhatsApp. Ya pili ni Plus Code, ile anwani ya herufi na tarakimu ambayo Ramani za Google hutoa kwa mahali popote duniani, hata pasipo na jina la mtaa wala namba ya nyumba. Angalia hapa: msimbo wa kawaida wa tarakimu kumi hushika mraba wa takriban mita 14 kwa 14, na katika mtaa uliosongamana mraba huo unaingiza nyumba zaidi ya moja. Ukiongeza tarakimu ya kumi na moja unashuka hadi takriban mita 3, upana wa mlango na baraza yake. Tumeandika huo mrefu kwenye risiti.

Nauli za kuzunguka na dereva mmoja mvumilivu kujaribu njia: 600.

23 Agosti: Picha na Kiitaliano

Malindi imepokea Waitaliano kwa miongo mingi, na Agosti ni mwezi wao wa likizo. Mwitaliano akitafuta dobi anaandika "lavanderia". Neno hilo lisipokuwepo popote kwenye wasifu, Google itaunganisha maana kwa kiasi fulani, lakini ni bora kumrahisishia.

Maelezo ya biashara yana nafasi ya herufi 750, na mistari ya mwanzo tu ndiyo inayoonekana kabla ya mtu kubonyeza asome zaidi. Nimeandika kwa Kiswahili, Kiitaliano na Kiingereza, sentensi fupi fupi: tunafua, tunapiga pasi, tunachukua na kurudisha nguo kwa tuktuk, malipo kwa M-Pesa au taslimu. Kiitaliano kimesomwa na mama mmoja wa jirani aliyefanya kazi hotelini muda mrefu. Sikutaka kutegemea tafsiri ya mashine peke yake, na kweli alikuta pa kurekebisha. Alikataa pesa, mapazia yake yamefuliwa.

Kwenye orodha ya huduma tumeweka kila kitu kivyake na bei: nguo kwa kilo 120, kanzu pamoja na wanga na pasi 100, shuka, pazia, duveti, zulia dogo. Hili linaonekana la kuchosha lakini lilizaa kuliko maelezo marefu. Mtu anayetafuta kufuliwa duveti anamkuta anayesema anafua duveti.

Picha: mlango na kibao wakati wa mchana, kibao jioni taa ikiwa imewashwa, mashine, kanzu zilizonyooshwa zimetundikwa. Hatupigi nguo za mteja zenye jina wala beji ya kazi, na hatuweki sura ya mtu bila ruhusa yake; Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na hata bila sheria, nguo za mtu ni siri yake. Picha ya mlango ndiyo iliyosaidia zaidi. Wateja wapya wanasema walitambua bluu ya mlango kabla ya kusoma kibao.

13 Septemba: Maoni

Hapa palikuwa na ushauri mwingi na mwingi wake mbaya. Mtu alituma ujumbe WhatsApp akiuza nyota tano kwa fungu. Mwingine, kwa nia njema, alisema tumpunguzie shilingi 50 kila atakayeandika. Yote mawili yamekatazwa. Google hairuhusu maoni ya kununuliwa wala ya kubadilishana na punguzo, na hairuhusu mwenye duka au wafanyakazi wake kujiandikia. Nami naona sababu: mgeni anayemwachia Ami shuka za hariri anaamini kwamba walioandika kabla yake waliacha zao kweli.

Tulichofanya ni kuchapisha msimbo wa QR unaofungua ukurasa wa maoni moja kwa moja, kadi 6 zilizopakwa plastiki kwa shilingi 80 moja, jumla 480. Mwanzoni kadi ilikuwa mezani, na hakuna aliyeiangalia. Tukaihamishia ndani ya mfuko wa nguo zilizokwisha kukunjwa, juu kabisa, pamoja na ombi kwamba irudishwe safari ijayo. Mtu anaiona pale anapofungua nguo zake zinanukia sabuni, yuko nyumbani na ana intaneti ya mwenye nyumba. Hapo ndipo maoni yalipoanza kuja. Hatuchagui wa kumpa. Anapata aliyefurahi na aliyelalamika, kwa sababu kuwachuja nako kumekatazwa.

Kila maoni yanajibiwa. Ami anasema, mimi naandika, kwa lugha ya aliyeandika. Lile la nyota moja la saa 12 asubuhi tulilijibu hivi: tunakuomba radhi kwa kukusumbua, saa zilizokuwa kwenye simu zilikuwa na makosa, sasa tumezirekebisha, tunafungua saa 1 asubuhi kwa saa za hapa, yaani 7:00, na ukirudi Malindi mfuko wako wa kwanza ni juu yetu. Hatukuomba aondoe chochote. Jibu hilo linasomwa na wanaokuja baada yake.

4 Oktoba: Umbali haudanganyiki

Ukisimama dukani ukatafuta dobi, Ami ni wa kwanza. Ami alifurahi sana alipoona. Ilinibidi nimweleze kwamba anayetafuta amesimama mlangoni kwake tayari. Google inapanga matokeo ya mtaani kwa mambo matatu: umuhimu, yaani unahusiana kiasi gani na kilichotafutwa, umbali kutoka alipo mtafutaji, na umaarufu wako. Kupima nafasi yako ukiwa dukani ni kupima umbali sifuri.

Kwa hiyo nilipanda tuktuk nikapima kutoka mahali wageni walipo, nimetoka kwenye akaunti yangu: Barabara ya Lamu, mjini karibu na soko, halafu Barabara ya Casuarina kuelekea Hifadhi ya Baharini. Barabara ya Lamu alikuwa wa tatu. Casuarina hakuwemo katika watatu wa mwanzo kwa neno la Kiingereza, lakini kwa "lavanderia" alikuwa wa pili, nadhani kwa sababu wachache wameandika neno hilo kwenye huduma zao. Nauli: 800.

Kwanza tulijaribu kuongeza maeneo ya huduma: Watamu, Gede, Mambrui, Ngomeni. Wasifu unaruhusu hadi maeneo 20. Yanamwambia mteja kwamba unafika kwake, lakini sikuona yakimsogeza Ami hata hatua moja juu huko Casuarina. Umbali unaendelea kupimwa kutoka duka lilipo. Yamebaki kwa ajili ya ukweli wake tu. Rafiki akajitolea nyumba yake ya Casuarina ifunguliwe wasifu wa pili kama tawi. Hapana. Hakuna dobi pale, hakuna anayepokea nguo pale, na mgeni atakayefika atakuta geti la mtu.

Kilichosaidia Casuarina hakiko kwenye simu kabisa. Ami alikwenda mwenyewe kuwasalimia walinzi na wasimamizi wa nyumba za kupangisha, akawaachia kadi zenye QR ya wasifu. Mgeni akiskani anaona saa, bei, njia na maoni ya wenzake. Yule mlinzi wa geti bado ana neno, isipokuwa sasa neno lake linaishia kwenye ramani.

18 Oktoba: Ramani nyingine

Si kila mgeni anatumia Google. Wengi hupakua ramani za kutumia bila intaneti, kama Organic Maps, na hizo hutegemea data ya OpenStreetMap ambayo mtu yeyote anaweza kuiongeza. Nimemwongeza Ami hapo kama duka la kufulia, pamoja na saa na simu, na kichochoro chetu nimekichora pia. Wenye iPhone wanaweza kuripoti mahali panapokosekana ndani ya Ramani za Apple, na mteja mmoja alitufanyia hivyo akiwa amekaa barazani akisubiri mashati yake.

Ukurasa wa Facebook ulikuwa bado na namba ya zamani, umerekebishwa. Vibandiko vya tuktuk vimebanduliwa. Jina, mahali na namba vifanane kila palipoandikwa.

15 Novemba: Ilipofikia

Wasifu una sehemu ya utendaji inayoonyesha maneno yaliyotafutwa kila mwezi. Kwa biashara ndogo mengi yake huandikwa tu "chini ya 15", kwa hiyo usikate tamaa ukikosa namba kubwa. Ninachokiamini zaidi ni daftari la Ami. Tangu Agosti msaidizi anaandika safu moja ya ziada: umetujuaje. Wageni wapya wengi sasa jibu lao ni ramani, wanaofuata ni mlinzi au msimamizi wa nyumba. Na zipo simu za alasiri, ambazo zamani hazikuwepo.

Mapema mwezi huu mtu asiyejulikana alipendekeza mabadiliko ya saa na Google ikayakubali kwa muda. Jumapili ikaandikwa tumefunga. Tuliona kwa sababu msaidizi hufungua wasifu kila Jumatatu asubuhi kabla ya kuwasha mashine. Amerudisha mwenyewe, bila kuniita.

Gharama kwa jumla: laini 100, kibao 3,000, kadi 480, tuktuk 1,400, bando la miezi yote takriban 1,500. Shilingi 6,480. Mwaka 2022 zilitoka 6,000 kwa mkupuo.

Yaliyobaki: saa maalumu za Desemba, maana wageni wa Krismasi wanaanza kutafuta kabla ya kusafiri, na saa za Ramadhani ambayo 2026 inatarajiwa kuanza katikati ya Februari, msimu wa wageni ukiwa bado haujaisha. Ami anataka kufungua tena usiku baada ya tarawehe, kwa kuwa kanzu za Idi huja kwa wingi. Kipindi hicho cha usiku nitakiingiza mapema, kwa saa za Google, na msaidizi atakisoma kabla sijahifadhi.